Kuku wa Shukrani na Watu wa Hyderabad

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi. Niliishia mwaka wa sita wa shule ya msingi, hapa Baraka, mji wa Kongo kando ya ziwa, na tangu hapo sijashika kalamu mara nyingi. Naandika polepole. Nikifika mwisho wa mstari nasahau nilichotaka kusema mwanzoni, basi narudi kusoma. Mahali mtakapoona nimefuta, hakuna siri. Ni neno ambalo sikujua linaandikwaje, nikaweka jingine. Na mimi si mtu wa kusema sana. Ndiyo maana nimeandika. Mbele za watu nisingeweza.

Nataka kueleza habari za watu wa mji wa Hyderabad, huko India, kwa sababu mama yangu ana damu yao ndani yake na hajui ni ya nani.

Mama aliugua moyo. Akipanda kutoka ufukoni na beseni la ndakala, yaani dagaa, alikuwa anasimama njiani, anajifanya anasalimia watu. Kisha miguu ikavimba. Daktari alisema ndani ya moyo kuna mlango mdogo ambao haufungi tena, na kwamba hapa kwetu hakuna wa kuurekebisha. Kaka yangu mkubwa, anayenunua dhahabu Lulimba, ndiye aliyelipia safari. Wakasema aende na msichana, kwa sababu mama atahitaji kuogeshwa, na mtoto wa kiume hawezi kumwogesha mama yake. Msichana aliyebaki nyumbani alikuwa mimi. Hakuna aliyeniuliza kama naweza, nami sikusema kwamba siwezi.

Sina mengi juu ya ndege. Tulivuka hadi Bujumbura, tukapanda, tukashuka, tukapanda tena. Tangu siku ile ya habari ya mlango wa moyo, ndani yangu palikuwa kimya. Sikulia, wala sikuogopa. Nilifanya tu kile kilichokuwa mbele yangu.

Mji niliuona kwanza kwa dirisha la nyumba ya wageni, karibu na hospitali, wanamokaa wagonjwa wa mbali na watu wao. Mbele kulikuwa na barabara, na ng'ambo yake maduka. Mimi nasoma polepole hata Kiswahili, basi vibao vile nilivitazama sana. Kibao cha duka moja kilikuwa na maandishi ya aina nne. Ya kwanza yalikuwa ya mviringo, kama mtu amemwaga kunde juu ya meza. Ya pili yalianzia mkono wa kuume, yameinama, yana nukta. Ya tatu yalining'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba. Ya nne ndiyo haya yetu. Mpishi wa nyumba ile, mwanaume mwembamba mwenye kitambaa begani, hakujua kabisa kusoma yale ya mviringo, na ndiyo ya wenyeji. Yeye alitoka jimbo la mbali, safari ya treni ya usiku na mchana. Nilipata nafuu kidogo kujua hivyo.

Alfajiri tulisikia adhana. Baadaye kidogo kengele za hekalu, na Jumapili kengele ya kanisa. Mama alikuwa amelala chali, anasikiliza.

"Hapa Mungu hapumuzike," akasema.

Aliyetusaidia kusema na watu alikuwa kijana mmoja mwanafunzi. Alikuwa anasomea mambo ya dawa katika mji ule, na mchana alipita nyumba ya wageni kuwatafsiria wagonjwa wa Kongo na Burundi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, mrefu, mikono nyuma.

"Karibu, mama. Mulifika muzuri?"

Mama aliketi upesi. "Eeh, Kiswahili! Mutoto wangu, we ni wa wapi?"

"Wa Fizi, mama."

"Fizi! Fizi gani? Lweba? Swima?"

"Hapana, mama. Fizi ya juu."

Mama akavuta kitenge chake mpaka kidevuni. Fizi ni wilaya yetu, na juu maana yake ni milimani, kwa wafugaji wa ng'ombe wanaosema Kinyarwanda. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi, lakini huenda anasoma mtu wa mahali pengine. Sisi ni watu wa ziwani, wakulima na wavuvi. Wao ni watu wa ng'ombe. Nyumba ya wazazi wa mama yangu ilichomwa. Ng'ombe wa baba yake kijana yule walichukuliwa wote. Nani alianza, mimi sijui. Nilizaliwa mambo yale yakiwa yameshaanza.

Kijana alipoondoka mama akasema, "Tunawakimbia kwetu, tunakuja kuwakuta huku, banatungojea ku mulango."

Siku nyingine mpishi alitutazama, mimi na kijana, akasema kitu kwa lugha yake.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anauliza kama siye ni batoto ba mama moja."

"Na we ulimujibu nini?"

"Nilimwambia ni majirani."

"Majirani!" mama akasema, akageukia ukuta.

Hospitalini tulipewa muuguzi mmoja, mama mnene wa upole, mwenye msalaba mdogo shingoni. Naye hakuwa wa mji ule. Alitoka kusini kabisa, penye minazi, ambako alisema kuna Wakristo wengi tangu zamani sana, na wasichana wengi wa kwao hujifunza uuguzi na kutawanyika. Yeye ndiye aliyetueleza, kijana akitafsiri, kwamba mama hatapangiwa siku ya kupasuliwa mpaka tulete watu wanne watoe damu. Ndiyo desturi ya hospitali ile. Wanafungua kifua, damu inahitajika, na damu ya friji haitolewi bila friji kujazwa tena.

Nikanyoosha mkono wangu. Walinichoma kidoleni, wakatazama, wakasema damu yangu ni nyepesi, nile mboga za majani.

"Mimi nitatoa," kijana akasema kwa Kiswahili.

"Hapana," mama akasema.

"Mama, ni damu tu."

"Ile damu yenu na yetu, ilishamwangika ya kutosha. Mimi nitarudi na moyo wangu vile uko."

Muuguzi alitutazama mmoja mmoja. Kijana hakumtafsiria.

Mpishi alikubali kutoa, bila maneno mengi. Walibaki watatu. Kijana akaniambia nje, kwenye ngazi, "Dada, iko watu hapa wenye sura kama yetu. Bazee babo walitoka Afrika zamani, balikuwa balinzi ba mufalme. Kuna mupiga ngoma mumoja minamujua. Mimi niko na mitihani, lakini nitakuwekea sauti ku simu, kwa lugha yabo. We utafika, utafungua, batasikia. Ni vile tu."

Nikaenda kwa bajaji. Mtaa ulikuwa na njia nyembamba, msikiti, nyumba za rangi ya kijani na buluu. Kwenye mlango mmoja alisimama mwanaume wa makamo, ndiye mpiga ngoma, na moyo wangu, ambao ulikuwa umenyamaza, ulishtuka, kwa sababu alikuwa mjomba wangu. Nywele zilezile, paji la uso lilelile, hata jinsi ya kusimama akiegemea mguu mmoja. Nikasema, "Jambo, mjomba." Akacheka, akajibu kwa lugha ya huko. Hakuwa na neno hata moja la kwetu. Mkewe akatoka, akanishika mkono, akaniingiza.

Kwetu mtu mwenye shida haanzi na shida. Anafika, anakaa, anasalimia wote, anakunywa maji. Kisha mwenye nyumba anamuuliza: sasa, habari gani imekuleta? Hapo ndipo unasema. Ukisema kabla hujaulizwa, ni kama umeingia na matope miguuni. Basi nilikaa. Simu ilikuwa mkononi. Waliniletea chai ya maziwa na biskuti. Nikanywa. Wakanitabasamia. Ngoma zilikuwa zimetundikwa ukutani, na watoto waligusa nywele zangu. Chai ikaletwa tena. Nilingoja swali. Jua lilihama kutoka kwenye mlango mpaka kwenye kabati. Chai ikaja mara ya tatu. Kisha niliona mkewe anaanza kupika, nikaogopa watasema nimekaa kungoja chakula, nikasimama, nikaaga. Walinisindikiza mpaka kwenye bajaji, wote, hata bibi mmoja mwenye fimbo.

Kijana alikuwa ananingoja kwenye ngazi.

"Balisema nini?"

"Hawakuniuliza."

"Hawakukuuliza nini?"

"Kilichonileta."

Akanitazama. "Sasa we ulikaa tu?"

"Ndiyo."

"Mchana yote ile? Na simu ku mukono?"

"Nilipewa chai."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akaweka mkono juu ya macho, mabega yakatikisika. "Kesho batasema: yule mutoto wa Afrika, kwabo hakuna maji."

Sikucheka siku ile. Sasa nikikumbuka nacheka kidogo.

Kesho yake akaacha vitabu vyake, tukaenda wote wawili. Mpiga ngoma alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga paja lake.

"Juu ya nini hakusema jana?" Kijana alinitafsiria.

"Alikuwa anangoja mumuulize," kijana akamjibu.

Yule mwanaume alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni. Akasema kwao mgeni haulizwi kilichomleta, hata akikaa mwezi. Ukimuuliza, atafikiri unamfukuza. Mkewe naye akasema jana alikuwa amekwisha kuchoka kuchemsha maziwa, akamwambia mumewe, huyu binti labda amekuja kuolewa. Wakacheka tena. Kisha mpiga ngoma akavaa viatu, tayari kwenda, na njiani akamwita jirani yake, mwanaume anayeuza mashada ya maua meupe kwenye lango la hekalu. Yule alikuwa na alama nyekundu kwenye paji la uso. Mpiga ngoma ni Mwislamu, huyu ni Mhindu. Walitukanana kwa utani njia nzima, kijana akinieleza. Muuza maua alisema damu yake ina harufu ya maua, na ya mwenzake ina harufu ya ngozi ya mbuzi wa ngoma.

Kijana alimuuliza mpiga ngoma swali moja ndani ya bajaji: wewe unajiita mtu wa wapi? Akasema, "Wa hapa. Babu wa babu yangu amezikwa hapa." Muuza maua akaongeza kwamba hata hivyo, kila siku sokoni watu wanamuuliza rafiki yake alikuja lini na atarudi lini. Mpiga ngoma akainua bega moja. Kijana alinitafsiria yote hayo, kisha akatazama nje mpaka hospitalini. Kwetu watu wa juu nao huulizwa hivyo.

Basi wakawa watatu: mpishi, mpiga ngoma, muuza maua. Alikosekana mmoja. Dereva wa bajaji hakuweza, alikuwa na sukari. Mtoto wa mwenye nyumba ya wageni aliahidi, hakutokea. Midomo ya mama ilikuwa inageuka rangi. Kijana hakuniomba ruhusa. Siku moja alikuja amekunja mkono wa shati, pamba imebandikwa kwenye kiwiko, akaniambia, "Bamemaliza. Wako wane."

Mama aliniuliza nikiwa namkanda miguu.

"Wako wane sasa?"

"Ndiyo, mama."

"Nani na nani?"

"Mpishi. Mpiga ngoma. Yule wa maua."

"Na wa ine?"

Niliendelea kukanda. Sijui kumdanganya mama yangu, na kumwambia ukweli pia sikuweza.

"Kanda na ule mwingine," akasema, akanipa mguu wa pili.

Hakurudia swali. Asubuhi walimchukua na kitanda chenye magurudumu. Kijana alikuwa mwisho wa baraza, karibu na dirisha. Mama alipita bila kumtazama, lakini pia hakugeuza uso.

Nilikaa kwenye benchi na watu wengine wanaongoja watu wao. Mwanamke mmoja aliyefunikwa nguo nyeusi mpaka macho alihesabu shanga. Mwanaume mwenye kilemba kikubwa cha rangi ya chungwa na ndevu zilizofungwa vizuri aligawa matunda aliyoleta, kwa kila mtu wa benchi, bila kuuliza ni nani. Nami nilipewa chungwa. Nililishika mpaka likapata joto. Sikuwa nafikiri chochote.

Mama alipona. Nasema hivyo upesi kwa sababu ilikuwa hivyo. Muuguzi alitoka, akainua kidole gumba, basi.

Siku mama aliyoweza kusema vizuri, neno lake la kwanza lenye maana lilikuwa: "Ile damu balinitia ilikuwa ya nani?"

Nieleze. Babu yangu, baba wa mama, alikuwa mvuvi. Mtumbwi wake uliwahi kupinduka, na mtu wa Swima akamtoa majini. Kwa familia yetu, ukitolewa kwenye kifo namna hiyo, ukipata nguvu unakwenda wewe mwenyewe nyumbani kwa yule mtu, na kuku mzima na unga. Humtumi mtoto. Unaingia nyumbani kwake, mama yake au mke wake anapokea unga, ndipo unakuwa mzima kweli. Kabla ya hapo wewe ni kama bado uko majini. Babu alifanya hivyo. Mama alikuwa mtoto mdogo, alibeba kuku.

Kijana alimuuliza muuguzi. Muuguzi akaeleza kwa uvumilivu, na kijana alitafsiri akiwa amesimama mlangoni, maana hakuwa amewahi kuingia chumbani kwa mama. Damu inayotolewa leo haiendi kwa mgonjwa wako. Inapimwa, inawekwa na nyingine, inamngoja yeyote inayemfaa. Mama alipewa iliyomfaa yeye, waliyoitoa watu wengine kabla. Pengine ya mmoja wa wanne wale ilikuwemo, pengine haikuwemo. Jina halitajwi.

"Basi ni ya nani?"

"Ya mutu wa huu muji, mama," kijana akasema. "Yeyote."

Mama alifunga macho. Kisha akasema, "We uko unasimama ku mulango sawa mutu wa deni. Ingia. Kaa."

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

Kuanzia siku ile mama alitaka nimweleze watu. Nilikuwa natoka kununua vitu, na nikirudi ananiuliza niliona nani. Mimi nisiyesema, nilisema. Alikuwa anatafuta mwenye damu yake.

Nilimweleza wanawake wa nguo nyeusi wanaochagua bangili za kioo, mikono yao ikitoka ndani ya nguo kama samaki wanaotoka majini, na jinsi wanavyobishana na muuzaji. Nilimweleza wenye maduka ya dhahabu, ambao wazee wao walitoka nchi ya jangwa, hawali nyama wala yai, na wengine wao hata kitunguu hawali. Mama akasema, "Hapana. Damu ya mutu hakuli samaki haingenisimamisha." Nilimweleza wasichana wenye macho membamba wanaotengeneza nywele, waliotoka milima ya mashariki ya nchi hiyohiyo, na ambao watu barabarani huwaita Wachina, nao wanajibu kwa hasira kwamba wao ni Wahindi. Nilimweleza wanaume wanaojenga maghorofa, wanaolala chini ya mabati palepale wanapojenga, na ambao kama mpishi wetu hawajui lugha ya mji. Nilimweleza wanafunzi wa Yemeni na Sudani na Somalia kwenye duka la mikate. Na wazee wa ule mji, wengine wanaosema lugha ya maandishi ya mviringo, wengine ya maandishi yaliyoinama, kila mmoja ananunua kwa mwenzake na anatania lugha ya mwenzake, na jioni kila mmoja anarudi mtaa wake. Mpishi alituambia zamani kuna siku walichomeana. Alilisema hilo akimenya vitunguu.

Kila siku mama alichagua mwingine. "Leo naona ni wa bilemba. Minasikia nguvu ku shingo." Kesho yake: "Ni wa hawa ba pilipili, kinywa changu kinataka moto." Kijana alicheka wazi, na mama akamwambia, "Na we usicheke, labda ni yako, ndiyo maana ninaota maziwa."

Alipoanza kutembea, ilikuwa msimu wa sikukuu moja yao. Wanawake walipita barabarani wakibeba vyungu kichwani, vimepakwa manjano na nyekundu, juu yake majani na taa inawaka, wanapeleka chakula kwa mungu wao wa kike. Ngoma zilipigwa. Mama alishika dirisha kwa mikono miwili. Alitazama shingo zao, wala si taa.

"Hawa banajua kubeba," akasema. Hakuuliza tena tangu siku ile ni damu ya nani.

Tuliaga. Mpiga ngoma na mkewe walikuja, mke ameleta chupa ya chai ya maziwa, akanimiminia mimi kwanza, kila mtu akacheka. Mama aliwashika mikono wote, hata mpishi. Alisema aliona aibu kwa kuwa hakuwa na kuku wala unga, na kwamba asingeweza kufika tena kwa miguu yake. Kwa kijana alisema, "Mama yako anakaa wapi?" Akamtajia kijiji. Mama akarudia jina lile kwa sauti ndogo. Ni mahali ambapo mtu anaondoka hapa Baraka asubuhi, analala njiani, anafika.

Tumerudi. Mama anapanda kutoka ufukoni bila kusimama. Wiki ya kwanza tu alitenga kuku mmoja, jike la madoadoa, akasema huyu asichinjwe. Akatwanga muhogo. Akasema hivi: mwenye damu simjui, na mji ule ni mkubwa, na nyumba zote zile ziko ng'ambo ya bahari. Lakini katika watu wote walioweza kuwa, kuna mmoja tu ambaye nyumba ya mama yake naweza kuifikia kwa miguu. Basi nitakwenda kwa huyo, kwa niaba ya wote.

Majirani walisema dawa ya usingizi imemharibia akili. Mjomba alisema mbele yake, "Dada, unataka kupelekea kuku watu waliokula nyumba ya baba?" Mama alimjibu, "Na nikitokwa na damu leo, utajua kuichagua?" Mjomba akaondoka. Amerudi, lakini habari ya kuku haitaji.

Kuna soko katikati ya mlima ambako wanawake wa kule juu walikuwa wanashuka na maziwa na maharage, na wa huku wanapanda na chumvi, mawese na ndakala. Mara soko linakuwepo, mara linafungwa kwa sababu ya bunduki. Lilipofunguliwa, mama alituma maneno kwa wauza chumvi, wamuulizie mama yake kijana. Jibu lilikuja: kile kijiji kimebaki wazi. Watu wake walitawanyika. Yule mama hakuna anayejua yuko upande gani.

Kijana ananitumia sauti kwenye simu, mara chache. Bado yuko Hyderabad. Hapigi utani kama zamani. Mara ya mwisho alisema, "Dada, kama munasikia kitu juu ya mama yangu, muniambie. Mimi sipate habari." Niliisikiliza sauti ile nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Nikaimaliza sombe. Kisha nikampelekea mama simu asikilize naye.

Kuku wa madoadoa ametotoa mara mbili. Unga tulikula, mama ametwanga mwingine. Mimi bado ni yuleyule, nafanya kilicho mbele yangu, na sasa kilicho mbele yangu ni karatasi hii. Katekista wetu amekubali kuipiga kwenye mashine na kuisambaza kwa makanisa, ya chini na ya juu, na kwenye kambi za wakimbizi, popote watu wanaposoma kwa sauti kwa ajili ya wengine.

Basi, wewe mama unayesomewa haya, uliyezaa mtoto mrefu wa kiume, anayesimama mikono nyuma, anayesomea dawa India, na ambaye akicheka huweka mkono juu ya macho: yuko mzima. Alitoa damu. Mama yangu anataka kuingia nyumbani kwako, hata kama nyumba sasa ni hema. Hatakuuliza kitu. Ukitaka usimuulize kilichomleta, yeye atakisema mwenyewe, nimemfundisha. Niandikie, au mwambie mtu akuandikie, hata kwa herufi mbaya kama zangu. Na mwingine yeyote anayejua alipo, aniandikie pia. Mpe muuza chumvi yeyote anayeshuka, barua itafika. Nitaisoma polepole, lakini nitaisoma yote.